Jina Letu Sokoni na Jina Letu Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu na Habari, mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa, sisi wa Kamati ya Elimu na Habari, ya kusema machache siku Chama chetu kinapotimiza miaka kumi. Twajua kuwa pilau imekwisha kuiva na harufu yake imeingia humu ukumbini kabla ya hotuba yetu, na hapana hotuba iwezayo kushindana nayo. Walakini jambo tulilotumwa kulieleza haliwezi kungoja, kwa kuwa leo hii, baada ya sala ya alasiri, mtatakiwa kulipigia kura. Jambo lenyewe ni hili: je, sehemu ya ziada ya mwaka huu itumike kukipatia Chama alama yake, kuisajili kwa sheria, na kuuza viungo na mwani wetu katika vifuko vyenye jina letu, au fedha hizo ziezeke ghala, ambalo kila mmoja wetu ajua linavyovuja wakati wa masika?

Hatukuja kuwaambieni kuwa ghala halivuji. Linavuja, na baadhi yetu tumelala humo na majamvi vichwani tukisukuma magunia ya manjano kutoka pembe moja hata nyingine. Tumekuja kueleza kwa nini, hata hivyo, wengi katika Kamati twaona kuwa jina nalo ni paa.

Katika mikutano ya vyama vya msingi tuliyoizungukia, hoja tuliyoisikia mara nyingi kuliko zote ilikuwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee mmoja aliitamka akakaa, kana kwamba shauri limekwisha, nasi twakiri ya kuwa siku ile hatukuwa na jibu. Tumelifikiri tangu hapo. Methali ile ni ya kweli kabisa katika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, ambako mnunuzi huutwaa mdalasini mkononi, akaukuna kwa ukucha, akaunusa, akaijua hali yake kabla ya kuuliza bei. Chema hapo chajiuza kwa sababu chaonekana. Lakini bibi aliye jikoni kwake Hamburg au Muscat hawezi kunusa kilichomo ndani ya gunia lililoshonwa Unguja. Yeye hununua jina analoliamini. Na pasipokuwa na jina, hununua bei tu. Na ashindaye kwa bei peke yake ni yule awezaye kuvumilia njaa kuliko mwenziwe.

Wala watu wa pwani hawakufundishwa jambo hili na wageni wa jana. Mnalikumbuka neno merikani, ambalo hata leo ni jina la kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Nguo ile ililetwa hapa na merikebu kutoka bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza akakaa hapa mjini mwaka 1837. Nguo yao ilikuwa nene na imara, haikupambwa kwa wanga wa kuipa uzito wa uongo, na sifa yake ikapanda na misafara hata maziwa makuu, ambako mtu hakukubali gora nyingine akiahidiwa merikani. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kushindana nayo, vikapata taabu. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mwaka 1861 hata 1865. Pamba ikaadimika, nguo ikapanda bei, na wafanya biashara wakatazama Uingereza na Bombay. Baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko, na nguo yao nayo ikaitwa merikani. Jina likabaki, wenye jina wakaondoka. Sisi twaona funzo mawili katika kisa hiki, na la pili ndilo linalotutia hofu zaidi: ya kwamba sifa njema isiyo na mlinzi huweza kumlisha mtu mwingine.

Kinyume chake ni kanga. Mwaka 1887 mfanya biashara Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, na kanga za nyumba ile zikapigwa chapa ya maneno ambayo bibi zetu waliyajua hata wasiojua kusoma: Mali ya Abdulla. Yako pembeni mwa nguo, madogo, karibu na jina la kanga. Watu husifu jina la kanga, yaani fumbo lililoandikwa. Lakini mnunuzi mzoefu kwanza hulitafuta lile neno dogo, kwa kuwa ndilo limwambialo kama rangi itatoka katika fuo la kwanza au la. Fumbo hubadilika kila msimu. Neno dogo halibadiliki. Tungependa Kamati yetu ingekumbuka jambo hili kila inapotamani kubuni maneno mapya matamu.

Sasa tuje kwenye mazao yetu. Jina la Zanzibar ni kubwa duniani, na kwa muda mrefu limebeba hata mali isiyokuwa yake: sandarusi iliyochimbwa Mrima iliuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Zanzibar, na pembe za ndovu hali kadhalika. Karafuu, ambayo ni yetu hasa, iliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Tufani ya mwaka 1872 ikaing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyochukua mzigo mkubwa. Miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kutiwa katika sigara zao za kreteki. Alinunua kwa magunia, akasaga, na jina la visiwa vyetu likaishia katika vitabu vya bandarini. Wavuta sigara wale hawakutujua. Basi Indonesia walipopanda mikarafuu yao kwa wingi, ikafika miaka ya 1980 wakajitosheleza, hapakuwa na mtu hata mmoja katika nchi ile aliyeuliza karafuu ya Unguja na Pemba imekwenda wapi. Bei ikaanguka, na wazee wetu mashambani wanayakumbuka machungu yake. Hatusemi kuwa jina lingaliuzuia mti wa mwenzetu kuzaa. Twasema kuwa mwenye wanunuzi elfu wanaomjua hafi siku mnunuzi mmoja mkubwa anapoondoka.

Karafuu, kama mjuavyo, twaiuza kwa Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, na hoja ya leo haiigusi. Hoja yetu ni juu ya mdalasini, pilipili manga, manjano, hiliki, kungumanga, mchaichai na mwani.

Mwani ulianza kulimwa kwa biashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Wanaingia maji yakiwa yamekupwa, wanafunga vipande vya mwani katika kamba, wanapiga vigingi, wanapalilia, wanavuna, wanaanika. Kisha gunia linavuka bahari, linakamuliwa ute uitwao karajini, nao unatiwa katika maziwa, dawa ya meno na malhamu. Hakuna mswaki duniani unaomwambia mtu kuwa asubuhi yake imeanzia kwa mama aliyesimama ndani ya maji ya Jambiani. Na maji yale siku hizi yamezidi joto, hata aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, yafa mara kwa mara, na mama anabaki na spinosamu yenye bei ndogo. Hapo ndipo baadhi ya kina mama walipoanza kusaga mwani unga na kupika sabuni. Na sabuni haiwezi kwenda sokoni bila jina, kama vile mtoto hawezi kwenda chuoni bila jina.

Itafaa tutazame wenzetu waliotutangulia katika ushirika. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Disemba mwaka 1844, hawakuwa na picha wala wimbo wa kujitangaza. Walikuwa na siagi, sukari, unga, shayiri iliyosagwa na mishumaa. Zama zile wenye maduka walichanganya unga na chokaa na kupunja mizani, na maskini hakuwa na la kufanya. Watu wa Rochdale waliuza unga usiochanganywa, kwa mizani ya haki. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lao, na ndilo lililoufanya ushirika ujulikane dunia nzima.

Wakulima wa kahawa wa Colombia waliunda shirikisho lao mwaka 1927. Miaka 30 na ushei wakawa wanauza magunia, na wakaangaji wa Marekani wakiyachanganya na kahawa za kila nchi. Mwaka 1958 shirikisho lilimtoa mtu wa kubuni, mkulima mwenye kofia pana na nyumbu wake, wakamwita Juan Valdez, akawa akionekana katika magazeti na televisheni akieleza jinsi kahawa inavyochumwa mbegu kwa mbegu milimani. Mnunuzi akaanza kuiuliza kahawa ya Colombia dukani, na mkaangaji akalazimika kuiandika juu ya kopo. Mwaka 2002 wakafungua na maduka yao ya kahawa kwa jina lile lile. Angalieni kuwa mwenye alama ile si tajiri mmoja. Ni shirikisho la wakulima wenyewe.

Karibu na sisi zaidi, Waethiopia walifanya jambo la werevu. Mwaka 2005 serikali yao iliomba huko Marekani kusajiliwa kwa majina ya kahawa zao, Harar, Sidamo na Yirgacheffe, kuwa alama za biashara. Wakubwa wa biashara ya kahawa walipinga, wakasema majina ya mahali yalindwe kwa njia nyengine, ya kuthibitisha asili ya zao. Waethiopia wakajibu kuwa wakulima wao ni wengi mno, wenye vishamba vidogo vilivyotawanyika, na gharama ya kukagua kila kikapu ingewameza. Kampuni ya Starbucks ilikubaliana nao mwaka 2007. Na hapa Afrika ya Mashariki, wakulima wa maziwa wa Githunguri, Kenya, walioanza ushirika wao mwaka 1961, walijenga kiwanda chao mwaka 2004 na sasa maziwa yao yajulikana mijini kwa jina la Fresha. Wachaga wa Kilimanjaro walianza na chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, kikaja KNCU mwaka 1933. Wao Mwenyezi Mungu aliwapa alama iliyo na theluji kileleni, na sidhani kama mchoraji yeyote angaliwashinda.

Tumesema Waethiopia na Wachaga walikuwa na majina tayari. Nasi je? Wengi wenu mmeuliza: kwa nini tusiandike tu “Viungo vya Zanzibar”, maadam jina hilo latosha? Jibu ni kwamba jina hilo ni la kila mtu, na kila mtu analitumia. Piteni katika vichochoro vya Mji Mkongwe mtazame vikapu vya viungo vinavyouzwa kwa watalii. Mtaona humo kifuko chekundu kilichoandikwa “zafarani ya Zanzibar”. Ndugu zangu, zafarani hailimwi Unguja! Yatoka Uajemi, Kashmiri na Uhispania, na iliyomo ndani ya vile vifuko aghalabu si zafarani ya mahali popote. Mgeni anakwenda nayo kwao, anatia katika wali, wali unatoka mwekundu usio na harufu, na tangu siku hiyo kila kitu chenye jina la Zanzibar kinashukiwa katika nyumba ile, pamoja na mdalasini wetu uliokauka vyema huko Kizimbani. Kwa hivyo jina la nchi tutaliandika, kwa fahari, lakini litakuwa chini. Juu litakaa jina letu, ambalo mnunuzi anaweza kulirudia akiridhika na kulishitaki akidanganywa.

Baadhi ya wajumbe wetu wamependelea tutumie chapa za watu wengine, kama ile ya biashara ya haki, ambayo ilianza Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa ushirika wa Mexico. Chapa hizo ni njema, na zimewainua wengi. Lakini zina ada na ukaguzi wa kila mara, na zaidi ya hayo ni nyumba ya kupanga: siku mwenye nyumba anapobadili sharti, mpangaji hana la kusema. Twaweza kuzitumia huku tukijenga yetu.

Sasa hapana budi tukiri kosa letu, kwa sababu limo katika historia ya miaka hii kumi na lisingefaa kuachwa nje ya kitabu cha kumbukumbu. Katika mwaka wa nne Kamati ilichapisha karatasi ya kuufahamisha umma juu ya mwani, na juu yake tukaweka picha ya mwanachama wetu mmoja akiwa ndani ya maji, nguo zimemganda, uso umechoka. Tuliona ni picha nzuri. Mgeni mmoja alikuwa ametuambia kuwa wanunuzi wa ng'ambo huguswa na picha za namna hiyo. Hatukumwomba ruhusa yule mama. Akaiona ukutani mwa duka moja mjini, siku alipokwenda kununua sare za watoto wake, na wanawe wakaiona. Alikuja ofisini wala hakugomba. Aliuliza tu kwa nini miaka yote ile hatukumpiga picha siku ya Idi, au siku alipopokea gawio lake akiwa amevaa buibui jipya, tukachagua siku ile. Hakuna aliyekuwa na jibu, na karani aliyekuwa zamu alituambia kuwa kimya kile kilimwelemea kuliko kugombezwa.

Karatasi zile tulizikusanya tukaziteketeza, na zilikuwa zimetugharimu si haba. Tangu siku hiyo Kamati imejifunga kwa maneno haya: hapana picha ya mwanachama itakayotumika pasipo ridhaa yake, naye kwanza ataionyeshwa, na hatutauza mali yetu kwa kuonyesha umaskini wetu. Anayenunua sabuni kwa huruma hununua mara moja. Anayeinunua kwa sababu inatakasa, atarudi. Zaidi ya hayo, Chama hiki hakikuundwa kuomba. Kiliundwa na watu waliochanga hisa zao kidogo kidogo ili wauze kwa heshima, na alama yoyote isiyobeba heshima hiyo ni ya uongo hata ikiwa imechorwa kwa dhahabu.

Ndiyo maana hatukutaka mtu wa kubuni kama yule wa Colombia, ijapokuwa kazi yake twaisifu. Maadam wakulima wa kweli tunao, hatuna haja ya kumbuni mwengine. Na uso wa mkulima wa kweli una mwenyewe. Katika michoro mitatu iliyoletwa, Kamati imechagua ule wa pishi, kile kipimo ambacho wachumaji wa karafuu walilipwa kwacho tangu zama za babu zetu. Imechorwa imejaa, na kichungu kidogo kimezidi juu ya ukingo. Kila mtu wa kisiwa hiki, mkongwe kwa kijana, akiambiwa maana yake ataielewa: kipimo kilichojaa. Tulimwonyesha yule mama wa picha kabla ya wote. Alitazama sana, kisha akasema pishi haifai mwani, kwa kuwa mwani hupimwa kwa kilo. Kamati imekiri ukweli wa maneno yake, na bado imeshikilia pishi.

Lakini pishi iliyojaa karatasini na kupungua ghalani ni aibu kuliko kutokuwa na alama kabisa. Hili latuleta kwenye jina letu nyumbani, na hapo tuna maneno machache makali, kwetu sisi wenyewe kabla ya wengine.

Kanuni za ushirika zilizothibitishwa Manchester mwaka 1995 na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ni saba, na ya tano ni elimu, mafunzo na habari. Habari imewekwa humo pamoja na uanachama wa hiari na udhibiti wa kidemokrasia. Haikuachwa iwe kazi ya wenye nafasi. Na habari ya kwanza ni ile impatayo mwanachama. Mwaka wa sita bei ya mwani ilishuka ghafla. Ofisi ilipata habari mapema, ikaona ingoje kidogo pengine bei itapanda, ikangoja majuma matatu. Katika majuma yale uvumi ulienea kutoka Bwejuu hata Makunduchi ya kuwa viongozi wamekula fedha. Hawakula. Vitabu vilikaguliwa na vikaonekana safi. Lakini wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuuza nje ya Chama, na wengine hawakurudi hata leo. Bei ile ilipanda tena mwaka uliofuata. Imani haikupanda nayo. Laiti katibu angalituma ujumbe wa simu siku ile ile, wenye maneno kumi tu, bei imeshuka, sababu ni hii, twakutana Ijumaa, tungalipata hasara moja badala ya mbili.

Kwa hivyo hoja iliyo mbele yenu ina sehemu ambayo wengi hawakuiona kwa sababu haina picha. Kabla ya kifuko hata kimoja kuchapwa, kila kituo cha kupokelea mali kitakuwa na ubao, na juu yake bei ya siku, uzito uliopokelewa, na makato yote yataandikwa kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la nne aweza kukisoma. Mizani itajaribiwa mbele ya wanachama kila mwanzo wa mwezi, kwa jiwe lililopimwa. Hesabu za mwaka zitasomwa kijijini, kwa sauti, na msomaji atasimama hata maswali yaishe. Wajumbe wa Halmashauri wametuuliza kama hayo nayo yamo katika kazi ya kutangaza jina. Twaona hayo ndiyo yenyewe. Mwanachama anayepunjwa kituoni hukausha manjano yake nusu nusu, kwa kuwa hajali. Na manjano yale yakiota ukungu ndani ya kifuko chenye pishi iliyojaa, hakuna mchoraji atakayetuokoa.

Juu ya sheria, tutasema kwa ufupi kwa kuwa mwanasheria wa Chama ataeleza. Zanzibar inayo sheria yake ya mali za viwanda, Nambari 4 ya mwaka 2008, nayo yataja alama za biashara, alama za pamoja za vyama, na majina ya asili ya mazao. Usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, hapa hapa Unguja. Lakini jueni ya kuwa alama iliyosajiliwa hapa haina nguvu Tanzania Bara; huko yahitaji kusajiliwa tena kwa BRELA, na iliyosajiliwa kule nayo haina nguvu huku. Msisahau hilo, kwa kuwa wako watu ambao kazi yao ni kungoja jina la mwenzao lipate sifa Unguja, kisha wakalisajili Dar es Salaam. Tumependekeza isajiliwe kuwa alama ya pamoja: yaani mwenyewe ni Chama, na kila chama cha msingi kitaitumia kikitimiza masharti ya ukavu, usafi na uzito, na kitanyang'anywa kikiyavunja. Tulipoyataja maneno haya ya kunyang'anywa huko vijijini palitokea kelele. Twayataja tena leo ili mtu asije akasema hakuyasikia.

Hata wakubwa wetu katika ushirika wamepata kuonja uchungu wa alama isiyolindika. Bendera ya ushirika ya rangi za upinde wa mvua ilikubaliwa mwaka 1925, na katika nchi nyingi ilipepea miaka na miaka. Lakini upinde wa mvua hauna mwenyewe, vikundi vya kila namna vikautumia kwa mambo yao, hata mwaka 2001 Muungano wa Dunia ukalazimika kuiacha na kuchukua nyengine.

Tumebakiwa na suala la ghala. Mweka Hazina ametufanyia hesabu, nazo zimebandikwa mlangoni: ziada ya mwaka huu haitoshi kazi zote mbili kwa ukamilifu. Yatosha kusajili alama, kununua mbao za vituoni na mawe ya mizani, na kuchapa vifuko vya viungo vya mdalasini, manjano na pilipili manga peke yake. Na inayobaki itaezeka upande wa kusini wa ghala, ambako hukaa mali iliyokwisha kukauka. Upande wa kaskazini utangoje mwaka ujao, na mwani utangoje vifuko vyake vivyo hivyo. Kina mama wa mwani hawakufurahi, nao wana haki ya kusema hivyo kwenye mkutano huu; tumeomba wapewe nafasi ya kwanza Bwana Mwenyekiti atakapofungua mjadala.

Michoro mitatu imetundikwa ukutani karibu na mlango wa wanawake, pishi ikiwa ya katikati. Masanduku ya kura ni mawili, moja la hoja kama ilivyo na moja la kuahirisha hata ghala lote liezekwe, na kila mwanachama atapewa karatasi moja akionyesha kitabu chake cha hisa. Waliosahau vitabu wamwone katibu kabla ya chakula.